Gari la Dizeli Lililochokea Penye Busaa

Nimestaafu, hii ni wiki ya tatu, na tayari mke wangu amenipiga marufuku kugusa cherehani yake. Ilikuwa inapiga kelele. Niliifungua, nikasafisha kila jino, nikairudisha ikawa kimya kabisa, ila sasa haishoni. Ndipo akaninunulia daftari hili, akaniambia niketi mezani niandike yale niliyozoea kuwapigia kelele ninyi vijana wa gereji, labda nyumba itapona.

Basi nawaandikia. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Cheo changu cha mwisho mlikiandika wenyewe juu ya keki, na mkaninyima kipande chenye jina langu. Nataka kuwaeleza jinsi kazi ilivyoniingia miaka ile ya hamsini hapa Nakuru, na hasa gari moja la dizeli lililonifundisha kwa kuniaibisha.

Nilishuka kwenye gari-moshi nikitokea Kakamega na barua ya mchungaji wangu mkononi, iliyosema mimi ni kijana mwaminifu na naimba sauti ya tatu. Msimamizi wa gereji alikuwa Kalasinga mmoja aliyeitwa Fundi Kartar, mwenye ndevu alizozifunga kwa wavu zisiingie kwenye feni. Aliisoma barua akaiweka mfukoni. Kisha akanifunga macho kwa kitambaa cha kufutia injini, akanipitishia makopo manne puani: petroli, mafuta ya taa, dizeli na oili chafu. Nilipata mawili.

"Hii pua ya kanisa," akasema. "Kesho rudi na pua ya gereji."

Nilirudi. Miezi ya kwanza nilisafisha spana tu. Spana ikimfikia Fundi Kartar ikiwa na grisi aliitupa nje ya mlango, nami nikaifuata barabarani huku wauza viazi wakinicheka. Baadaye aliniruhusu kusimama karibu akifanya kazi, na hapo ndipo nilipoona chombo chake cha thamani kuliko vyote. Kilikuwa mwiko wa kusongea ugali. Aliweka bapa la mwiko juu ya injini, akatia mpini sikioni, akafumba macho, na baada ya muda akasema nozeli ya tatu inapiga vibaya. Tukiifungua, ni ya tatu kweli. Mke wake alikuwa akiutafuta mwiko ule tangu vita vya Wajerumani.

Lakini sheria yake kuu haikuhitaji chombo. Alisema gari haliwezi kusema linapoumia, ila kuna mtu anayekaa ndani yake kutwa. "Gari nagonjwa, dereva najua. Wewe uliza dereva kwanza, spana baadaye." Niliitikia ndiyo kila mara, na kila mara nilikuwa nimeshashika spana. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mwenye haraka, na nilijiona nimeshaiva.

Wakati ule gari dogo la dizeli lilikuwa kitu cha kuonyeshana kwa kidole. Dizeli ilikuwa ya malori na matrekta. Ukisikia ngurumo ya trekta halafu ukaona inapita pikapu ndogo, ulijua ni ya yule Mzungu setla wa Subukia. Jina lake halisi sikuwahi kulishika vizuri. Wafanyakazi walimwita Bwana Kijiti, kwa sababu alipima kila kitu kwa kijiti alichokikata alama kwa kisu: maziwa kwenye makopo, maji kwenye matangi, mashimo ya nguzo, na watu husema hata chupa yake ya wiski alipotoka nyumbani. Alinunua gari la dizeli kwa kuwa pipa la dizeli ya trekta lilikuwepo tayari shambani, na hakuona sababu ya kulisha wanyama wawili vyakula viwili.

Dereva wake alikuwa arap Chumo, Mkipsigis mrefu aliyekuwa bado anavaa kofia ya jeshi aliyorudi nayo kutoka Burma. Kila asubuhi alijaza tangi mpaka mdomoni, akazunguka mashamba ya jirani kukusanya makopo ya krimu, kisha akaupanda mlima kutoka Subukia kuja Bahati na Nakuru, kwenye kiwanda cha maziwa. Njia hiyo aliifanya mwaka mzima bila shida. Halafu ghafla gari likaanza kuchoka.

Lilichoka mahali pamoja. Lilipanda vizuri mpaka karibu na nusu ya mlima, kisha nguvu zikaondoka kama zimechomolewa. Ukikanyaga mafuta, hakuna jibu. Unashusha gia, unashusha tena, gia zinakwisha, gari linasimama. Na liliposimama, mara nyingi lilikuwa mbele ya nyumba ya Mama Jebet, mjane aliyepika pombe ya busaa. Baada ya nusu saa liliwaka na kumaliza mlima kama halijawahi kuugua. Nusu saa hiyo arap Chumo hakuimalizia kwenye jua, na sidhani kuna mtu mwenye akili timamu angefanya hivyo.

Bwana Kijiti alisikia habari. Akaliendesha mwenyewe mara mbili, na krimu ikiwa imejaa, na mara zote mbili gari likapanda mlima bila kukohoa. Kwake hesabu ilikuwa imekamilika. Alhamisi moja akatuletea gari na dereva pamoja, akasimama katikati ya gereji.

"Mimi hapana taka maneno mingi," akasema. "Angalia gari. Kama gari iko gonjwa, tengeneza. Kama gari iko mzuri, basi Chumo iko mwongo, na Jumamosi natoka shamba yangu. Bibi, toto, ng'ombe, yote natoka."

Akaenda zake kwa gari la jirani yake. Ninyi mnaosoma leo huenda msielewe uzito wa maneno hayo. Mtu wa shamba la setla hakuwa na nyumba bila kazi. Kazi ikiisha, kibanda kiliisha, bustani ya viazi iliisha, na ng'ombe wake hawakuwa na nyasi za kula wala mahali pa kulala.

Kazi nilipewa mimi, nikaifanya kwa bidii na bila kuuliza swali hata moja. Nilifungua filta ya dizeli, nikaikuta safi. Filta ya hewa, safi. Nikapima pampu, nikasikiliza nozeli moja moja kwa mwiko, zote zikaimba. Nikaliendesha mpaka kituo cha reli na kurudi, likakimbia vizuri sana. Nikafurahi, maana fundi akiona kitu kimekamilika hufurahi. Nikachukua kadi ya kazi, nikaandika kwa penseli maneno mawili: gari zima.

Arap Chumo alikuwa ameketi kwenye tairi kuukuu akiniangalia.

"Umeandika nini hapo, ndugu?"

"Gari iko sawa kabisa."

Alivua kofia yake, akaitazama ndani kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha humo. "Basi umenihamisha," akasema. "Niko na watoto wanne na ng'ombe sita. Sasa nitawapeleka wapi?"

Tangu nianze kazi nilikuwa nikiogopa gari lenye ugonjwa nisioujua, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kuogopa gari lenye afya. Fundi Kartar alikuja, akaichukua ile kadi, akaisoma.

"Wewe naendesha wapi?"

"Mpaka stesheni, Fundi."

"Na gari nagonjwa wapi?"

"Mlimani."

"Basi wewe napima homa ya nani?" Akaichana kadi vipande vinne. "Kesho naenda Subukia. Chumo naendesha. Wewe nakaa, mdomo nafunga, macho nafungua."

Ijumaa asubuhi tuliteremka Subukia. Nikamwambia arap Chumo afanye kila kitu kama siku zote. Akajaza tangi kutoka kwenye pipa mpaka likamwagika kidogo, akafunga, tukazunguka mashamba, tukapakia makopo, tukaanza kupanda. Nilikuwa nimeinama, sikio karibu na sakafu. Mwanzo injini ilivuta vizuri. Tulipopita nusu ya mlima nikaisikia inapungua, si kwa kukatakata kama gari lenye hewa kwenye paipu, bali polepole, kama mtu anayepewa uji kwa kijiko kinachozidi kuwa kidogo. Moshi wa nyuma nao ukapungua. Gia ya tatu, ya pili, ya kwanza, tukasimama.

Niliinua kichwa. Mama Jebet alikuwa mlangoni, na vigoda viwili vilikuwa vimeshawekwa nje.

"Chumo!" akaita. "Leo umekuja na shahidi?"

"Ni fundi, mama. Amekuja kutafuta ugonjwa."

"Asiutafute haraka. Hii gari ndiyo saa yangu. Ikisimama najua ni wakati wa kulisha kuku."

Nilifungua boneti, nikalegeza paipu inayoingia kwenye pampu. Dizeli ilitoka tone moja, ikafikiri, ikatoka jingine. Kumbe injini ilikuwa na njaa tu. Chakula hakikufika, na kwa kuwa filta nilikuwa nimeiona jana ikiwa safi, shida ilikuwa nyuma, kati ya pampu na tangi. Nilikaza paipu, na hapo hatimaye nikaikumbuka sheria ya Fundi Kartar. Nikaketi kwenye kigoda.

"Mzee Chumo, Bwana akiendesha mwenyewe, haisimami?"

"Haisimami. Hiyo ndiyo inanimaliza."

"Anafanya nini ambacho wewe hufanyi?"

"Ananikasirikia."

"Kingine."

Akafikiri. Kisha akasimama, na mtu yule mpole akageuka Bwana Kijiti mbele ya macho yetu: tumbo mbele, mikono nyuma, shingo ndani ya mabega. Mama Jebet alianza kucheka kabla hajafika kwenye gari. "Anatoka shamba hivi. Anafika duka la chini, kabla ya mlima, anasimama. Ananunua sigara. Anazunguka nyuma hivi. Anafungua tangi, anaingiza kijiti, kuona kama nimeiba." Na kwa kuwa alikuwa mwigizaji kweli, akashika mfuniko wa tangi na kuufungua.

Fyuuuuuu.

Tangi lilivuta pumzi ndefu sana. Nilikimbia kwenye kiti cha dereva, nikawasha, injini ikanguruma kwa nguvu zake zote, na hatukuwa tumekaa hata dakika kumi.

Vijana, hilo lieleweni vizuri. Tangi la mafuta lazima livute hewa. Kila dizeli inapotoka, hewa iingie mahali pake, ndiyo maana mfuniko una kitundu kidogo. Kitundu kikiziba, pampu inavuta mpaka inashindwa. Tangi likiwa limejaa sana, hewa ya ndani ni kidogo, kwa hiyo pampu inashindwa mapema. Mlimani injini inataka dizeli nyingi, kwa hiyo inashindwa hapo. Ukikaa nusu saa, hewa inapenya polepole pembeni na gari linapona. Bwana Kijiti, kwa kutomwamini dereva wake, alikuwa akilipatia gari hewa kila mara kabla ya kupanda.

Sasa nikauchukua ule mfuniko mkononi mwa arap Chumo nione kitundu kimezibwa na nini. Haukuwa mfuniko wa kiwandani. Lilikuwa gunzi la mahindi, limechongwa vizuri likawa duara, likavikwa mpira wa tyubu ya baiskeli na kufungwa kwa waya mwembamba, mikunjo yote upande mmoja. Kazi safi sana. Niliifahamu kazi hiyo kwa sababu ilikuwa yangu.

Miezi miwili nyuma arap Chumo alikuja gereji amepoteza mfuniko barabarani. Spea ilikuwa haijafika kutoka Nairobi. Kila mtu wa huku aliziba tangi kwa gunzi tupu, na gunzi tupu huvujisha dizeli kidogo na kupitisha hewa, likatosha. Mimi nikaona gunzi tupu ni ushamba. Nikaketi nusu siku nikilivisha mpira hadi tone moja lisitoke, na nilipomaliza niliwazungushia wenzangu waone. Walisifu. Mimi pia nilisifu.

Arap Chumo hakuwa ameunganisha mambo bado. Alikuwa akicheka na Mama Jebet. Nami nilikuwa na msumari mfukoni. Ningeweza kulitoboa gunzi pale pale, nikamwambia Bwana dizeli ilikuwa na uchafu, na hakuna mtu ambaye angejua. Sitawadanganya, niliufikiria uongo huo vizuri. Setla akilalamika, ningefukuzwa, na bila mwajiri, kwa sheria ya mkoloni, sikuwa na ruhusa ya kulala mjini hata usiku mmoja. Lakini uchafu kwenye dizeli ungetoka wapi? Kwenye pipa. Na pipa lilikuwa mikononi mwa nani? Mwa arap Chumo. Kila uongo niliouchonga ulimwangukia mtu yule yule. Nikaona aibu, nikamwambia ukweli. Aliingia kwenye gari akanifungulia mlango wa upande wangu. Krimu tuliiacha kwenye kivuli nyuma ya nyumba ya Mama Jebet, jambo ambalo sikulieleza kwenye ripoti, tukageuza gari kurudi shambani.

Bwana Kijiti tulimkuta kwenye zizi akipima kimo cha ndama.

"Bwana," nikasema, "gari iko na makosa. Na makosa ni yangu." Nikamwonyesha.

"Gunzi?"

"Gunzi, Bwana."

"Gunzi nasimamisha gari yangu mbele ya pombe?" Akanisogelea, akaninusa mdomo. Nashukuru sikuwa nimegusa kibuyu cha Mama Jebet, ingawa ilikuwa kwa bahati tu. Hakuniamini. Akaamuru makopo mengine yajazwe maji, tangi lijazwe mpaka mdomoni, gunzi lifungwe vile vile, akashika usukani mwenyewe. Arap Chumo na mimi tukapanda nyuma. Dukani alikanyaga breki kwa mazoea, akakumbuka, akapita bila kugusa tangi.

Sijawahi kuomba gari liharibike kama nilivyoomba siku ile. Nusu ya mlima ikafika, injini bado inavuta. Tukaipita. Arap Chumo alikuwa ameshika ukingo wa gari kwa mikono miwili. Kisha nikaisikia ile sauti ya uji na kijiko. Bwana Kijiti akashusha gia. Akashusha tena. Akalitukana gari kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kwa kuwa huenda halikuelewa mara ya kwanza. Tukasimama.

Mama Jebet alitoka na kigoda cha tatu.

"Karibu, Bwana," akasema bila hata kupepesa jicho. "Kwa kawaida wanakaa nusu saa."

Bwana alitoa saa yake, akaketi. Nusu saa ilipungua dakika mbili gari lilipowaka. Kama alikunywa au hakunywa ni siri yake na ya mwenye nyumba. Mimi niligeuza uso kwa heshima. Nilichokiona ni kwamba wakati mmoja aliomba kijiti chake kutoka kwenye gari, akakitia ndani ya kibuyu, akasoma alama.

"Wewe," akaniambia, "toboa." Nikalitoboa gunzi kwa msumari. Kisha akamgeukia arap Chumo, akakohoa, akaangalia mlima. "Chumo nabaki," akasema, na kwa setla wa wakati ule huo ulikuwa msamaha mrefu.

Fundi Kartar acha nimalizane naye hapa. Jumatatu alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa adhabu: mwezi mzima, kila gari lililotoka gereji yetu lilisubiri kwanza mimi nipulize mfuniko wake kwa mdomo mbele ya mwenyewe. Mnaponicheka kwa kupuliza mifuniko hadi siku ya kustaafu, ndiyo habari yake. Hakunifukuza.

Lakini Ijumaa ile haikuwa imeisha. Tulipompeleka Bwana nyumbani kwake, nilinyoosha mkono kumuaga arap Chumo. Hakuupokea.

"Bado," akasema. "Bwana amesikia. Sasa tuende kwa yule ambaye ni mgumu."

Alinipeleka nyuma ya mabanda ya ng'ombe, kwenye kibanda chake. Mke wake alikuwa mlangoni, mwanamke mfupi mwenye uso uliotulia. Nyuma yake vitu vyote vilikuwa vimefungwa tayari kwa Jumamosi: sufuria ndani ya shuka, nguo za watoto ndani ya gunia, vibuyu vya maziwa vimefungwa kwa kamba viwili viwili, na mablanketi yamekunjwa moja moja. Kuona vile vibuyu kulinikaa moyoni kuliko maneno yote ya Bwana. Nilianza kwa kuomba radhi. Nikamweleza habari za hewa na tangi, nikampa gunzi apulize mwenyewe kwenye tundu, akapuliza. Nikamwambia mume wake hakusema uongo hata siku moja: gari lilikuwa linasimama lenyewe, na kosa lilikuwa la mfuniko, na mfuniko ulikuwa wangu. Hamtoki tena, mama, nikasema. Mnabaki.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Alifumba macho kidogo, akashusha pumzi. Kisha akanirudishia gunzi langu.

"Asante, fundi," akasema. "Sasa niambie. Gari ikisimama, ni mfuniko. Na huyu akishuka aingie ndani kwa yule mama, hiyo pia ni mfuniko?"

Nilimtazama arap Chumo. Arap Chumo alikuwa akitazama ng'ombe. Mwanamke yule akapiga magoti akaanza kufungua mizigo, vibuyu kwanza, halafu sufuria, halafu nguo za watoto. Blanketi la mume wake alilibeba kama lilivyokuwa, limekunjwa, akaliweka nje ya mlango.